Helmeti ya Mkwe

Ipuli, Tabora
4 Mei 2024

Kwako mkwe wangu Nasri,

Salaam nyingi zikufikie hapo Ulyankulu, wewe na Shamila. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua nikikaa sana mkekani. Barua isikushtue, hakuna aliyefariki. Nimeandika kwa sababu kila nikikupigia simu unasema shikamoo mama, unakohoa kidogo, halafu namsikia Shamila. Silalamiki, mkwe mwenye adabu ndivyo alivyo. Lakini hili nataka nikuambie wewe mwenyewe.

Ndani ya boksi hili kuna helmeti. Shamila ameniambia unazunguka vijijini kununua asali na hicho kikofia chako cha kitambaa tu kichwani. Tangu tumzike kijana wa jirani yangu Theodora, aliyeanguka na pikipiki kichwa wazi, nikisikia mlio wa pikipiki nakuwaza wewe.

Nilikwenda dukani kwa Xavery, karibu na soko. Akaniuliza mwenye kichwa yuko wapi. Nikamwambia ni mkwe wangu, yuko Ulyankulu. Akasema, mama, afadhali aje mwenyewe ajaribu, kwa sababu kuna vichwa vya duara na kuna virefu, vinavyokwenda nyuma hadi kisogoni, na helmeti ya huyu inamtesa yule. Nikamwambia nimeshona kofia tangu sijaolewa, asinifundishe vichwa. Na mkwe wangu siwezi kumleta dukani nisimame nikimtazama akivishwa na kuvuliwa kama mtoto wa chekechea. Kukupima haiwezekani, kukuuliza nikaona haya. Hata kofia yako ya harusi ilishonwa kwenu, haikupita mkononi mwangu. Basi nikazijaribu mwenyewe juu ya mtandio wangu, moja baada ya nyingine, hadi nikapata hii ambayo haikutikisika hata nilipoinama. Xavery alicheka sana. Mwache acheke.

Ivae, mwanangu. Shamila ndiye mtoto pekee niliyejaliwa, na tangu umwoe nimewahesabu wawili.

Mimi mama yako,
Kuluthumu binti Awadhi


Ulyankulu
11 Mei 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na magoti yamepata nafuu. Sisi huku hatujambo.

Helmeti imefika salama. Mama, sina maneno ya kukushukuru. Imenikaa vizuri kabisa, utadhani fundi alinipima. Wenzangu wote wameisifia na wameniuliza nimeipata wapi. Nimewaambia kwa mama mkwe wangu.

Nakutumia ndoo ndogo ya asali ya msimu huu. Nimeichagua mwenyewe kwa pua, haina moshi hata kidogo. Nimepita na ndoo nyingi kabla sijaipata hiyo.

Mwanao mtiifu,
Nasri


Ulyankulu
13 Mei 2024

Kaka Majidi,

Shikamoo. Simu yako haipatikani tena, nadhani umeshaitumbukiza kisimani kama ile ya mwaka jana. Nampa Mabruki barua hii, anapita Kigwa kesho na mzigo.

Nina jambo, usilicheke. Mama yake Shamila kaniletea helmeti. Ni nzuri, nyeusi, ina kioo cha mbele kinachofunguka. Lakini kichwa changu unakijua. Ninyi ndio mliokuwa mnaniita Shoka. Inanibana hapa kwenye paji la uso, na juu ya masikio panabaki nafasi ya vidole kupita. Nikimaliza kijiji cha kwanza kichwa kinagonga, nikifika cha pili siwezi hata kuzungumza bei na watu. Nikajaribu kutoa sifongo ya mbele. Ikaanza kucheza kichwani, nikaona hapo ndipo pabaya zaidi, nikairudisha.

Shamila alipoivaa ilimkaa mara moja. Kichwa cha mama yake kile. Akaniambia nimpigie mama, dukani wanabadilisha. Sasa mimi nimwambieje, kaka? Mtu mzima kazunguka sokoni na magoti yake mabovu, halafu mimi nimrudishie zawadi? Nianze kumsimulia mama mkwe habari za kisogo changu? Nimeshamwandikia kuwa imenikaa. Shamila nimemwomba asiseme kitu. Amekubali, lakini amenuna.

Kwa hiyo tukiwa wawili anavaa yeye, mimi nabaki na kofia yangu. Asali ikipungua nitakwenda Tabora ninunue nyingine nyeusi kama hiyo, ya kichwa changu. Hatajua tofauti.

Mdogo wako,
Nasri


Kigwa
20 Mei 2024

Shoka,

Marahaba. Simu haikuingia kisimani, iliingia kwenye ndoo ya uji, ni tofauti kabisa.

Nimecheka, umenizuia lakini nimecheka. Babu zetu walibeba pembe za ndovu vichwani kutoka huko mliko hadi pwani, kinga yao ngata ya majani, na kichwa hichohicho kirefu cha ukoo. Wewe kofia yenye sifongo inakuliza.

Sasa tuache mzaha. Mwambie mkweo. Najua ni vigumu, mimi mwenyewe nikimwona mkwe wangu sokoni huwa nazunguka upande wa samaki. Kama huwezi kabisa, basi kanunue nyingine wiki hii. Usisubiri asali ipungue, maana asali ikipungua utasema unasubiri tumbaku, na ikiisha tumbaku utasema mvua. Nakujua tangu unatambaa.

Kakako,
Majidi


Ipuli, Tabora
5 Juni 2024

Mkwe wangu Nasri,

Salaam. Asali imefika, na nusu imekwisha kwa sababu ya majirani. Kila anayeonja anataka kujua imetoka wapi, nami nasema kwa mkwe wangu, yule mwenye helmeti. Barua yako nimewasomea. Sehemu ile ya fundi nimeirudia, Theodora akasema kumbe macho yako bado yanaona, bibi wewe. Xavery naye nimempitia makusudi dukani, nikamwambia mkwe wangu imemkaa. Akasema basi umshukuru Mungu, mama.

Mwaka huu nataka Idi ya kuchinja mje kwangu. Idi ya Ramadhani mlikula kwenu, sikusema neno. Njoni na hiyohiyo pikipiki yenu, msihangaike na basi. Nitakuwa nimekaa barazani. Nataka nikuone ukiingia uani na helmeti yako kichwani, na Theodora amwone mkwe wangu. Baada ya hapo unaweza kujificha chumba cha uani kama kawaida yako, chakula nitamtuma Shamila akuletee.

Mama yako,
Kuluthumu


Ulyankulu
10 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimepokea mwaliko kwa furaha. Tutakuja siku ya pili ya Idi, tutaondoka huku asubuhi, inshallah.

Helmeti naivaa kila siku. Utaiona.

Mwanao,
Nasri


Ipuli, Tabora
2 Agosti 2024

Mwanangu Nasri,

Natumaini safari ya kurudi kwenu haikukuchosha, na kwamba Majidi alikushikilia vizuri kwenye gari kama alivyoniahidi. Nyumba imekuwa kimya tangu mmeondoka. Mkeka wako bado nimeuacha palepale.

Ulipokuwa hapa hatukuzungumza. Wewe ulilala ukitazama ukutani, mimi nilipita na bakuli la uji nikitazama sakafu, na sote wawili tukaiita adabu. Nimeona niandike, kwa sababu nikikaa na haya zaidi nitaugua.

Shamila aliniambia kila kitu hospitalini, baada ya daktari kusema utaishi. Kabla ya hapo alikuwa amekaa tu na mkono wake kwenye plasta na ile helmeti mapajani. Akasema, mama, nilivaa mimi kwa sababu haikuwahi kumkaa. Akaniambia mlishapanga msimame nje ya mji, akuvulie, uivae wewe, muingie kwangu hivyo ili nikuone. Mchanga ukawatupa kabla hamjafika mahali mlipopanga kubadilishana.

Ile helmeti ninayo hapa. Upande mmoja wote umechubuka hadi rangi imetoka. Kichwa cha mwanangu kilitoka ndani yake hakina hata uvimbe. Watu wanakuja kunipa pole, wanaishika, wanasema Kuluthumu una bahati. Na wapo wanaosema, wala hawanong'oni, kwamba nilimnunulia binti yangu nikaliandika jina lako juu ya boksi. Nilipima kwa kichwa changu, na kichwa changu ndicho cha Shamila. Kila nikimshukuru Mungu kwa ajili yake naona haya mbele yako.

Na hasira nina, sikufichi. Ungeniambia, Nasri. Ningenuna, ningegombana na Xavery, ningepanda gari na magoti yangu haya nikaibadilishe. Kwa nini ulidhani mapenzi yangu ni membamba kiasi hicho? Halafu nikishamaliza kukukasirikia nakumbuka mimi ndiye niliyeambiwa dukani nimlete mwenyewe, nikajibu kwa jeuri. Na mimi ndiye niliyetaka kukuonyesha kwa Theodora. Basi nabaki sijui nimkasirikie nani.

Kuna jambo lingine, na kwa hili nakuomba radhi. Siku muuguzi alipobadilisha bandeji alihitaji mtu wa kukushikilia kichwa. Shamila mkono mmoja ulikuwa hautumiki, Majidi alikuwa bado njiani. Nilibaki mimi. Hujui, ulikuwa hujitambui. Niligeuza uso nikatazama dirishani, lakini mikono ilibidi ibaki. Nimeshika vichwa vingi kwa kazi yangu. Chako ni kirefu, chembamba pembeni, kisogo kimetoka nyuma kabisa. Nilipokigusa tu nilijua ile helmeti ilikuwa inakutesa vipi. Nililia mpaka muuguzi akadhani wewe ni mwanangu wa kuzaa, nami sikumsahihisha.

Nisamehe kwa kukugusa.

Kuluthumu


Ulyankulu
20 Agosti 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma. Tafadhali usijilaumu hata kidogo, hii ni kadari ya Mungu. Na kwa kunishika kichwa, mama, ulinihurumia, hakuna la kusamehe.

Mimi naendelea vizuri sana. Kidonda kimefunga, nywele zinaota. Nimerudi kwenye kazi yangu ya asali na mambo yanakwenda kama zamani. Usiwe na wasiwasi wowote.

Mwanao,
Nasri


Ulyankulu
1 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba ni ndogo na yeye yumo ndani.

Nasri alikuandikia kwamba kazi inakwenda kama zamani. Aliniachia barua ile wazi nimtafutie bahasha, nikaisoma, nikaifunga, nikaipeleka kwenye gari. Nimekuwa nikijutia tangu siku hiyo. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa sababu aliniomba, na umeona tulipofika. Sinyamazi tena.

Mama, hasikii harufu. Tangu ile ajali hasikii harufu ya kitu chochote. Daktari alisema huenda itarudi na huenda isirudi. Majuzi nilikuwa naongea na jirani yetu Pelagia mlangoni nikasahau mandazi jikoni, yakaungua hadi moshi ukajaa, na Nasri amekaa palepale pembeni ya jiko anatengeneza redio. Aligundua alipoanza kukohoa.

Amerudi kwenye asali, ndiyo. Alinunua mzigo mzima ambao nusu ulikuwa umeshika moshi na nusu umeanza kuchacha. Zamani angefungua kifuniko tu akamwambia mtu arudi nayo nyumbani. Wateja wake wa Tabora wameurudisha. Siku hizi wenye mizinga wakimwona anakuja wanatoa zile ndoo walizokuwa wanaona aibu kuzitoa. Anakuja nazo nyumbani jioni ananiwekea mbele, ananiambia nusa. Nanusa. Nikimwambia hii mbaya anatazama chini, nikimwambia hii nzuri ananiuliza nina hakika. Mimi sijui asali, mama. Yeye ndiye alikuwa anaijua hata maua yake.

Na kichwa kinamuuma akiendesha. Lakini bado anaendesha na kale kakofia, kwa sababu anasema akipita duka lolote la Tabora kuulizia helmeti utasikia.

Usimwambie nimekuambia. Au mwambie, sijui. Fanya utakavyoona.

Mwanao,
Shamila


Ipuli, Tabora
9 Novemba 2024

Mwanangu Nasri,

Shamila ameniambia habari ya pua yako. Usimgombeze, amefanya nilichotaka afanye tangu mwanzo. Nimekaa na habari hiyo miezi hii yote nikishona, na kila kofia niliyoianza niliifumua. Mwisho nikaacha za wateja nikashona moja isiyo na mwenyewe.

Nilifumba macho nikaiacha mikono ikumbuke. Niliposhona nikajaza matambara ndani, nikayashindilia mpaka ikawa ngumu kama kichwa cha mtu. Nikaiweka kwenye kikapu nikaenda kwa Xavery. Nilipoitoa sikusema ni nini. Aliitazama, akaigeuza, akaona kisogo, akaniuliza, ni yeye? Nikamwambia ni yeye. Hakucheka. Alifunga duka mchana ule tukaanza kujaribu, na hazikukaa, na akatuma mtu stoo kuleta nyingine, na hizo pia hazikukaa. Akaagiza kutoka Mwanza. Ndiyo sababu nimechelewa.

Imo ndani ya boksi. Ni ndefu kwa ndani, utaona. Rangi ni nyekundu, nyeusi sikutaka tena kuiona.

Naomba kitu kimoja, na nakiomba kama mama, siyo kama mkwe. Niambie kweli. Kama inabana, andika inabana. Kama ni mbaya, andika ni mbaya, nitalia kidogo nitanyamaza. Lakini usiniandikie tena barua nzuri.

Kuluthumu


Ulyankulu
3 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Helmeti imefika. Nimechelewa kujibu kwa sababu umeniomba kweli, na nimekuwa nikianza barua hii halafu naichana. Kila nikianza inakuwa nzuri.

Pikipiki niliiuza mwezi wa kumi. Nilimzuia Shamila asikuambie, akaniambia basi uandike mwenyewe, na sikuandika. Nikiendesha muda mrefu kichwa kinauma hadi naona vitu viwili viwili. Asali nimeiacha. Nimepata kazi ya ulinzi kwenye ghala la tumbaku. Wenzangu wanalalamika kwamba harufu inawaingia hadi kwenye chakula, wameniuliza mimi nawezaje kukaa ndani muda wote. Pua haijarudi. Sidhani kama itarudi. Kitu ninachokikosa zaidi siyo asali, ni nguo za Shamila akitoka kufukiza udi. Sijawahi kumwambia.

Kuhusu siku ile ya Idi. Uliandika kwamba hujui umkasirikie nani. Barabara ile naijua, na mchanga wa pale naujua, huwa napunguza mwendo. Siku hiyo sikupunguza. Nilikuwa nafikiria wewe umekaa barazani, nafikiria nitaingia vipi, nitashuka vipi, kama utaona paji langu limebanwa. Nilikuwa naendesha huku najitazama kwa macho yako. Mchanga sikuuona kabisa. Ningekuandikia tu mwezi wa tano, mama inanibana, ningekuwa natazama njia.

Jana jioni Shamila alinitolea helmeti kwenye boksi kwa sababu mimi sikutaka kuifungua. Niliivaa, nikakaa nayo kitandani. Nilifunga mkanda, nikateremsha kioo. Nilitikisa kichwa mbele na nyuma, nikainama hadi chini kama wewe ulivyofanya kule dukani, nikainuka. Haikusogea. Shamila akaniuliza kama inanibana mahali. Nilikaa nayo muda mrefu kabla ya kumjibu, kwa sababu nilitaka kuwa na hakika.

Haibani popote, mama.

Nasri